Kundi la Simu na Haki ya Jirani



Baadhi ya akina mama wanaosoma jarida hili wametufikishia ombi: kwamba familia zinazolipokea kila wiki ziwe na kundi lao la WhatsApp, wapate kuulizana, kupashana habari na kujuana. Ombi hilo ni jema, nasi tunaliunga mkono. Lakini kufungua kundi ni kazi ya dakika moja, na kujenga ujirani ni kazi ya miaka. Kwa hivyo tumeona ni vyema tueleze yale tuliyoyashuhudia katika makundi ambayo tumo tayari.

Manufaa yake hatuyakanushi, kwani tuliyaonja wakati wa dhiki. Mwezi wa Machi 2020 misikiti ilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona. Kisha mwezi wa Mei, nasi tumo ndani ya Ramadhani, Serikali ikazuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale hapa Mombasa. Futari za pamoja zikasita, darasa zikanyamaza, mabaraza yakabaki matupu. Siku zile simu ndiyo iliyokuwa baraza letu. Tulirekodi darasa fupi baada ya Alasiri, na akina mama wakasikiliza huku wakipika. Mmoja akiuliza juu ya funga ya mwenye kunyonyesha, jawabu liliingia nyumba nyingi kwa mara moja. Mwengine akisema unga umemwishia, jirani alimtumia fedha kwa M-Pesa kabla ya Magharibi.

Wakati huohuo tuligundua thamani ya ujumbe wa sauti. Wako akina bibi mitaani mwetu waliokhitimu Msahafu mara nyingi, na baadhi yao huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyofunzwa chuoni, lakini herufi za Kizungu hawazisomi. Kundi la maandishi matupu huwaacha mlangoni. Sauti iliwaingiza ndani. Bibi aliyekuwa akimngoja mjukuu amsomee alianza kubonyeza mwenyewe, akauliza, akajibu, na akawaeleza wasichana namna ya kumwosha maiti wa kike, elimu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiuliza. Tunaomba kundi jipya lisiwasahau hawa.

Hata hivyo, tumeona na madhara. Tunamjua mama mmoja aliyeeleza shida ya ndoa yake katika kundi la wanawake, akitafuta ushauri. Kabla ya Isha maneno yake yalikuwa yamepigwa picha na kumfikia shemeji yake. Mama yule alitoka kundini usiku uleule, na tangu siku hiyo hauliza tena lolote, hata swali la twahara. Wanavyuoni wametufunza kuwa kikao ni amana. Kundi la simu nalo ni kikao, ijapokuwa halina mkeka. Iko njia ya kuufanya ujumbe ufutike wenyewe baada ya siku kadhaa, lakini haizuii mtu kuupiga picha kabla haujafutika. Kwa hivyo mambo ya faragha yasimwagwe kundini. Na achaguliwe mama mmoja mwenye busara, apelekewe maswali hayo kando, ayaulize bila ya kutaja jina la mtu.

La pili ni habari. Katika Suratul Hujurat waumini wameamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuifuata, na wamekatazwa kupelelezana na kusengenyana. Wenye programu hiyo wenyewe, mwaka 2020, walizuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usipelekwe ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati mmoja. Ikiwa wafanyabiashara wameona haja ya kuweka kizuizi, sisi tulioamrishwa tangu zama za Mtume (S.A.W.) tuna udhuru gani? Aletaye habari ya msiba, ya dawa au ya mtoto aliyepotea, na aseme ameipata wapi.

La tatu, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu, ni ukubwa wa kundi. Siku hizi kundi moja huweza kuwa na watu 1,024. Lakini baraza gani hukaa watu elfu? Katika kundi kubwa hujulikana wasemao tu. Katika kundi dogo hujulikana hata aliyenyamaza.

Tumeyaona yote mawili. Katika kundi moja kubwa mama aliandika kuwa anaumwa. Zikamiminika pole, dua na picha za maua, kiasi kwamba ujumbe wake wenyewe haukuonekana tena. Hakuna aliyempelekea uji, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwengine ameshakwenda. Katika kundi dogo la mtaa mmoja alikuwamo mjane aliyekaa eda. Simu ndiyo iliyokuwa dirisha lake, na kila asubuhi alikuwa akiwatolea wenziwe salamu. Siku mbili salamu hazikuja. Jirani akavaa buibui, akaenda kubisha hodi, akamkuta ana homa kali, hawezi kuinuka. Alipelekwa hospitali siku hiyohiyo, na Alhamdulillahi akapona. Hakuwa ameandika hata neno moja. Aliokolewa na watu waliouzoea wakati wa salamu yake.

Rai yetu, basi, ni kuwa wasomaji wasikusanywe wote mahali pamoja. Liwepo kundi moja la matangazo, ambalo wasimamizi pekee ndio waandikao. Na chini yake yawepo makundi madogo ya mitaa, nyumba ishirini au thelathini, ya akina mama peke yao na wasimamizi wao wawe wanawake. Kila kundi liwe na wawili wa zamu kila wiki, kazi yao ni kumtazama aliyenyamaza na kwenda kumjulia hali.

Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi azidishe maji, awakumbuke majirani zake. Simu itatwambia ni jirani gani hakupika leo. Bakuli la mchuzi ni lazima libebwe kwa mikono.

Wabillahi tawfiq.