Nimefika Rungwe Mpya na meno ya plastiki!

Usiombe, msomaji wangu, ufungwe kava la meno Jumatano halafu Ijumaa uwe ndani ya basi la Kasulu. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000, na daktari ameshakupa amri zake: kava likae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku, livuliwe wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Maji ya kawaida ruksa. Chai, soda na kahawa marufuku mpaka uvue.

Kwa wasiojua, hizi siyo zile waya za chuma. Ni ganda jembamba la plastiki, juu moja na chini moja, halionekani mpaka mtu akusogelee. Wenyewe wanaliita alaina. Unapigwa picha mdomoni, kompyuta inapanga safari ya kila jino, halafu unakabidhiwa makava ya kuvaa kwa zamu. Kila moja linasogeza jino robo ya milimita hivi, na baada ya wiki moja au mbili unavaa linalofuata. Biashara hii waliianzisha vijana wawili waliokutana Stanford, Marekani, mwaka 1997, Zia Chishti na Kelsey Wirth, na wala hawakuwa madaktari wa meno. Chishti alivaa waya ukubwani, akaona kile kiplastiki wanachokupa ukishavuliwa waya nacho kinaweza kusogeza meno. Bei ya kwangu sikutajii, maana mwenye nyumba wangu naye analisoma gazeti hili.

Jino likisukumwa, mfupa wa mbele yake unalika na wa nyuma yake unajengwa upya. Ndiyo maana siku tatu za mwanzo hata mkate niliutafuna kwa kuubembeleza. Lakini maumivu yana panadol. Kimbembe ni ulimi! Konda aliponiuliza nashuka wapi, nikamjibu "Kathulu". Siti tatu za nyuma zikacheka. Basi likisimama kuchimba dawa, wenzangu wanashambulia chipsi, mimi navua kava ndani ya kanga, nakula mbio mbio, napiga mswaki kwa maji ya chupa, huku dereva anapiga honi.

Nilipofika Rungwe Mpya, "mwakeye" ilipita salama, haina S hata moja. "Shikamoo" ndiyo iliyonisaliti, ikatoka na mluzi. Mjomba akanitazama juu mpaka chini: "Siku hizi Dar mnalewa asubuhi?"

Kwenye chakula ndiyo usiseme. Ugali wa muhogo umetengwa, sinia moja, wakubwa wananawa, halafu wewe unaingiza vidole kinywani unatoa ganda lenye uzi wa mate. Nikageukia ukutani, nikalitia kwenye kikopo chake. (Usilifunge kwenye karatasi, litatupwa na takataka. Wala usilioshe kwa maji ya moto, litapinda.) Mboga ilikuwa ya mawese. Nilisugua weee, kesho yake kava likawa na rangi ya njano.

Bibi aliona kila kitu. "Umeng'oka lini, mjukuu wangu?"

Nikamweleza kwamba meno ni yangu, yale ya chini tu yamepandana, yananyooshwa. Akataka kujua yatakuwaje. Nikamwonyesha kwenye simu ile picha ya mwisho ya kompyuta, meno yamepangika kama matofali. Bibi akaitazama muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Mimi, bibi, nikishamaliza."

"Na mwanya wa mama yako umeupeleka wapi?"

Jamani! Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Tuna picha yake moja tu anayocheka, na kinachoonekana kwanza ni huo mwanya wa juu. Wapo watu mjini wanaotoa hela kutengenezewa mwanya, na mimi nimelipia wangu uzibwe! Kwenye ule mpango ulikuwemo tu, pamoja na mengine. Hakuna aliyeniuliza, maana kwa kompyuta uwazi wowote ni kasoro.

Asubuhi nikapanda mlimani kutafuta mtandao, nikampigia daktari. Akacheka kidogo, akasema hilo halina shida: mpango unaandikwa upya, ya chini yanyooshwe, mwanya ubaki, makava yatengenezwe mengine. Kwa sasa niendelee na hili hili mpaka nirudi, meno yasije yakarudi yalikotoka.

Siku ya tano S ikaanza kurudi. Nikatamka "Kasulu" mbele ya mjomba, sawasawa kabisa, akaitikia kwa kichwa.

Bibi yeye hakutaka habari za S. Kila usiku kabla ya kulala aliniita karibu, akachukua tochi yake, akaniambia nivue. Ananimulika mdomoni, anasogeza uso, anapima kwa ukucha.

"Upo," anasema, halafu anazima tochi.