Picha Iko, Rangi Haiko

Mwaka 1990, nyumbani kwetu katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba ya Gécamines, Kolwezi, tulikuwa na televisheni ya Kifaransa na video ya kusini, na vitu hivyo viwili havikupatana. Televisheni ilikuwa ya SECAM, mfumo uliotumika Zaire. Video ilikuwa ya PAL, imetoka Afrika Kusini kwa lori, ikavuka Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Ndivyo vitu vingi vilivyotufikia. Vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela mwaka 1975, shaba yetu ikawa inashukia kusini, na lori halipendi kurudi tupu. Hata Wabelgiji kwao walitumia PAL. Kwa mambo ya televisheni sisi tulikwenda na Wafaransa.

Aliyeunganisha ni yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, fundi umeme kiwandani Luilu. Alichomoa waya wa antena kwenye televisheni, akauingiza nyuma ya video, kisha akatoa waya mfupi kutoka video hadi televisheni. Ikabaki kutafuta chaneli 36, maana kwenye waya huo video hujifanya stesheni. Yeye alijibanza nyuma ya kabati, mimi mbele nikimtolea habari.

“Mudogo, unaona nini?”

“Picha iko, yaya. Rangi haiko. Na sauti ni kuvuma tu!”

Baba alidhani tumeuziwa kitu kibovu. Yaya alikataa, na ndiye aliyekuwa sahihi. Mfumo wa Afrika Kusini uliweka sauti megahezi 6 juu ya picha; televisheni yetu ilikuwa ikiisubiri kwenye 6.5. Kwa hiyo alitafuta plagi ya Péritel, ile pana yenye pini nyingi, akalehemu waya wake mwenyewe mezani kwa mama. Waya huo hupeleka picha na sauti kila moja kwa njia yake, bila kupita kwenye antena. Sauti ikaja safi. Rangi hapana, kwa sababu ilikuwa imefumwa ndani ya picha yenyewe kwa PAL, na hakuna plagi inayoweza kuifumua. Kaseti zote za karate tulizitazama zikiwa za kijivu, na hakuna mtoto wa jirani aliyelalamika.

Kunasa matangazo ya OZRT, televisheni ya taifa, kulikuwa taabu nyingine. Video iliona stesheni yetu lakini haikuisikia, kwa tofauti ileile ya megahezi. Ndiyo maana mechi ya kufungua Kombe la Dunia, Juni 8, Kameruni na Argentina kule Milano, tulibaki nayo kwenye kaseti bila rangi wala sauti. Kila ilipowekwa, yaya alikuwa mtangazaji. Omam-Biyik wa Kameruni alipopaa kupiga kwa kichwa, yaya alianza kupiga kelele kabla mpira haujafika.

Ubishi ulikuwa juu ya kadi. Kwenye picha ya kijivu, nyekundu haionekani nyekundu wala njano haionekani njano. Kana-Biyik alipoonyeshwa kadi, jirani mmoja alishikilia kwamba ni ya njano, akashikilia hivyo hata mchezaji akitoka uwanjani. Massing naye alipotolewa, yule mzee alihesabu Wakameruni kwa kidole kwenye kioo, akapata tisa, akataka kaseti irudishwe nyuma ahesabu tena.