Risasi Tatu

Katika sura ya nne ya riwaya yangu, ambayo bado ni rundo la madaftari chini ya kitanda, mzee mwindaji anakutana na simba porini. Anainua gobore lake, anafyatua mara tatu mfululizo. Pa! Pa! Pa! Simba chali. Moyoni nilijisifu kwamba hapo nimeandika. Jioni moja nikamsomea mjomba, ambaye ujanani alikuwa akifuatana na wawindaji wa kwetu Sikonge. Alisikiliza kwa heshima mpaka kwenye ile "pa" ya pili, kisha akaangua kicheko hadi chai ikamwagika.

"Sasa mjomba, gobore gani hilo? Ukishapiga moja, simba anakaa chini akungoje ushindilie nyingine?"

Niliona haya, sikufichi. Mjomba alinieleza kwa mikono jinsi ya kushindilia, lakini gobore lenyewe hatukuwa nalo, na kulitafuta bila kibali ni kujitafutia kesi. Basi nikaanza kusoma, na kusoma kukanifikisha nisikotarajia: kwa mafundi wa Marekani ambao hadi leo wanatengeneza kwa mikono zana za wawindaji wao wa karne ya 18. Bunduki ndefu za gumegume, mikoba ya ngozi, visu, pembe za baruti. Nazo hushindiliwa kwa mbele, kama gobore la kwetu.

Kwanza nilidhani ni mchezo wa watu wenye pesa. Labda kwa wengine ndivyo. Lakini ipo filamu ya mwaka 1969, Gunsmith of Williamsburg, inayomwonyesha fundi Wallace Gusler kule Virginia akiunda bunduki nzima kwa zana za kale. Anaanza na bamba la chuma. Analipasha moto, analikunja kidogo kidogo kuzunguka fimbo ya chuma mpaka kingo zikutane, kisha anazigonga zikiwa nyeupe kwa moto ili ziungane. Mtutu huo! Halafu ndani yake anachonga mifereji inayojisokota, kwa kuvuta na kusukuma kikwangulio kidogo tena na tena, na kila safari kinatoka na unga wa chuma tu. Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili isiyumbe njiani. Mimi nilikuwa nimeimaliza ile sura yangu kwa usiku mmoja.

Kisa kingine kilinichoma zaidi. Mwaka 1966, huko Rabun Gap, jimbo la Georgia, wanafunzi wa sekondari na mwalimu wao walianzisha jarida dogo, Foxfire. Walikuwa wakienda kwa wazee wa milimani kuwauliza: hiki mnakifanyaje? Maandishi yao yakaja kuwa vitabu, na cha tano, cha mwaka 1979, kina habari ndefu za bunduki za gumegume na mafundi wake, akiwemo Hershel House wa Kentucky. Watoto wa shule, jamani! Mimi nilikuwa na mjomba nyumbani miaka yote, na sikumwuliza kitu mpaka aliponicheka.

Lakini kilichonikamata kabisa ni pembe ya baruti. Baruti ikinyonya unyevu haifai tena, na pembe ya ng'ombe haipitishi maji, ni nyepesi, wala haitoi cheche kama chuma. Fundi huchagua pembe ambayo mkunjo wake utaulalia ubavu wa mwenyewe, maana pembe ya kushoto na ya kulia hazikunjiki upande mmoja. Huikwangua mpaka iwe nyembamba kiasi kwamba ukiielekeza kwenye mwanga unaona baruti imefika wapi. Upande mpana huzibwa kwa ubao na vijiti, ncha hutobolewa na kutiwa kizibo kidogo. Katika vita vya 1754 hadi 1763 baadhi ya askari walichorewa juu ya pembe zao ramani ya mito na ngome, pamoja na majina yao. Mafundi wa leo nao huchora. Wengine huipaka rangi ya manjano ionekane imeshaona miaka mia mbili. Hilo silipendi, uzee wa kupaka. Ila nikamkumbuka mzee wangu wa sura ya nne, naye mvi zake nilimpaka mimi.

Zana hizi zina na upande ambao uzuri wake hauufuti. Mwaka 1769 Daniel Boone aliingia Kentucky kuwinda kulungu kwa ajili ya ngozi. Desemba mwaka huo Washawnee walimkamata, wakachukua ngozi zote, wakamwonya asirudi kuwinda kwao. Alirudi, na nyuma yake wakaja walowezi. Kwa hiyo ninapoitazama pembe iliyochorwa vizuri huwa najiuliza ile ramani ilikuwa ya nchi ya nani.

Mwishowe nikaenda machinjioni kuomba pembe mbili. Nikazichemsha ili mfupa wa ndani uachie. Harufu yake, msomaji, siwezi kuiandika. Mama alinihamishia nje na sufuria yangu, na sufuria ile hadi leo hapikii. Pembe ya kwanza niliiharibu: nilikata ncha mbali mno, nikafika kwenye uwazi, likabaki tundu la kupita kidole gumba. Ya pili niliikwangua kwa kisu na vipande vya chupa kwa siku tisa. Haikuwa nzuri. Nikaijaza mkaa uliosagwa, nikaiinua juani, na pale chini niliona mstari mweusi ukitikisika.

Nikairudia sura ya nne. Sasa mzee ana risasi moja, na ameikosea. Anashusha gobore, anavuta pembe ubavuni, anang'oa kizibo kwa meno. Mikono inamtetemeka, nusu ya baruti inamwagika majanini. Anatia kitambaa na risasi, anachomoa mdeki. Kazi yote hiyo, hata kwa mtu hodari, ni nusu dakika au zaidi, na simba amesimama anatazama.

Nikamsomea mjomba. Safari hii hakucheka. Kikombe alikuwa amekishika tu, hanywi.

"Enhe? Ikawaje?"

Nikamwambia bado sijafika huko, mzee ndiyo kwanza anashindilia.