Kutoka Masumbwe hadi Bagamoyo: Safari Ipangwe kwa Vipindi vya Swala

Kwa mkazi wa Masumbwe, barabara kuu si jambo la kustaajabisha. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita karibu na mlango wake usiku na mchana. La kustaajabisha ni kwamba watoto wengi wa mji huu hukua wakiyahesabu malori hayo bila kuijua nchi ambayo yameipita. Na familia inapojaaliwa kwenda pwani, aghalabu hupanda basi, ikalala vitini na kuamka Chalinze. Mamia ya kilomita yamekwisha gizani. Mara nyingi Alfajiri nayo imepita, kwa kuwa ratiba ya basi haikuwekwa kwa ajili ya wenye kuswali.

Inawezekana kwenda kwa namna nyingine: siku nne, mchana tu, vituo vikifuata vipindi vya swala. Gharama itazidi ile ya basi, hilo halifichiki. Lakini familia mbili zikichangia kukodi gari moja aina ya Noah, na zikaanza kuweka akiba mapema, mzigo unabebeka. Mwezi wa Juni unafaa: shule zimefungwa, mpunga umevunwa, na mvua zimekwisha. Makubaliano na dereva yaandikwe kabla ya kutoa hata shilingi moja, kama Qur'ani inavyotuelekeza katika mambo ya deni: gari halitembei usiku, na litasimama kwa swala. Kisha wasafiri wamteue kiongozi mmoja, kama Mtume (s.a.w.) alivyoagiza. Anayedharau jambo hili hajawahi kusafiri na watu wazima wanne, kila mmoja akitaka kula mahali pake.

Waondoke Alhamisi, baada ya Alfajiri. Swala hiyo haipunguzwi wala haikusanywi na nyingine, kwa hiyo ndiyo saa ya asili ya kuanza safari kila siku. Kahama, Nzega na Igunga zitapita asubuhi. Baada ya Igunga barabara inakata mbuga ya Wembere, tambarare isiyo na mwisho machoni, kisha inapanda mlima Sekenke. Hapo mtoto wa mchimbaji aambiwe kwamba dhahabu haikuanzia Geita. Sekenke ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Adhuhuri na Alasiri zikusanywe pale itakapokuwa wepesi, na usiku ulalwe Singida, mji wenye majabali ya kijivu yaliyorundikana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai.

Sababu ya kuanza Alhamisi ni Ijumaa. Msafiri hawajibiki kuswali Ijumaa, lakini kutoka Singida hadi Dodoma ni karibu kilomita 240 tu, na atakayeondoka mapema atawahi hotuba katika Msikiti wa Gaddafi, miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa nchini. Njiani, baada ya Manyoni, barabara inashuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi kwenye tambarare za Bahi. Jangwa la kweli hatuna katika njia hii, na asiwadanganye mtu. Lakini Ugogo wa mwezi Juni, vumbi likipaa, mito ya mchanga mtupu na mibuyu iliyopukutisha majani yote, unatosha kumfahamisha mtoto wa Masumbwe kwamba maji ni riziki ambayo wengine huifuata kwa miguu. Mwambieni pia kwamba tayamamu, anayoisoma madrasa kama somo la kukariri, ina mahali pake duniani.

Jumamosi ni ya milima. Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260, na baada ya Gairo nchi inabadilika rangi. Morogoro imeegemea Uluguru, milima inayovikwa ukungu asubuhi, na ambayo mito yake inaulisha Ruvu, mto unaonywesha Dar es Salaam. Mwenye kijana wa sekondari asiache kupita Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichoanza mwaka 2005. Kuliona lango kunasaidia kuliko nasaha nyingi.

Siku ya nne, Chalinze hadi Msata, kisha mkono wa kulia kuelekea Bagamoyo. Kabla ya mji mtauvuka Ruvu, ukikaribia bahari, na watoto waulizwe waliuona wapi mlima unaouzaa.

Kuna mambo mawili ambayo mwenye kuswali kwa wakati atayagundua. Magharibi ya Bagamoyo huingia karibu nusu saa kabla ya ile ya Masumbwe, kwa kuwa jua linawaaga watu wa mashariki kwanza. Na kibla nacho kimehama. Masumbwe mlielekea kaskazini mkiegemea mashariki kidogo; Bagamoyo mnaelekea karibu kaskazini kamili. Mkipanga swala kila kituo, mwili wenyewe unajua umefika mbali.

Kuhusu kupunguza: kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, huswali timamu tangu anapofika. Familia itakayokaa wiki nzima kwa jamaa ijue hilo.

Kaole, kilomita chache kusini ya mji, pana magofu ya msikiti wa karne ya 13 pamoja na makaburi. Yazuruni kwa kukumbuka akhera na kuwaombea waliolala pale, si kwa kuwaomba wao. Kisha waelezeni watoto habari ya Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akaletwa pwani hii angali mtoto, mtumwa katika nyumba ya liwali. Aliachwa huru, akasoma, akafungua madrasa, akawa sheikh mkubwa wa Qadiriyya hata watu wa bara wakaja kuchukua elimu kwake. Alifariki mwaka 1931. Hata asiyefuata twarika atamheshimu kwa elimu. Wasumbwa nao, wazee wa nchi yetu, walijulikana kwa misafara, wakitembea kwa miezi hadi pwani na kurudi. Mtoto aliyeziona Wembere, Bahi na Uluguru mchana kweupe, kwa siku nne, akiwa kwenye kiti cha gari, atauliza mwenyewe: mtoto mwenzake aliletwaje kutoka mbali kuliko huko? Hapo mzee awe na jibu tayari.