Jozani na watoto: kima punju haonjeshwi biskuti

Likizo ikifika, familia nyingi za mjini Unguja huwapeleka watoto Forodhani au ufukweni. Safari hii mvishe mwanao viatu vya kufunga, umpe begi la mgongoni na chupa ya maji, mpande daladala ya Makunduchi au Jambiani. Kiasi cha kilomita 35 kutoka Mji Mkongwe, shukeni kwenye lango la Jozani.

Mtoto atauliza kwa nini hapa miti ni mirefu, na kule maweni ni vichaka tu. Maji ya ardhini yako karibu sana, na wakati wa masika hupanda hadi juu ya udongo. Mitondoo hupenda hivyo. Mbu nao, kwa hiyo mikono mirefu.

Anayefuatwa zaidi ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso. Mwambie mwanao atafute kidole gumba chake, hakipo. Asili yake ni kisiwa hiki peke yake, na nje ya hapa wako wachache tu waliopelekwa Pemba miaka ya 1970. Zamani iliaminika kuwa ana sumu, hata mti anaoula majani yake hukauka.

Wamezoea watu, na hapo ndipo mzazi awe macho. Tumbo la kima punju lina vyumba vya kuchachusha majani na matunda mabichi. Sukari ya ndizi mbivu au biskuti humvuruga. Dawa yake anaijua mwenyewe: huokota makaa vijijini na kuyatafuna, kupunguza ukali wa majani ya miembe na mikungu. Basi chakula kibaki ndani ya begi. Asiguswe, na mtoto mwenye mafua angoje wiki nyingine, kwani maradhi yetu huwapata.

Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi na magari yamewaua wengi. Matuta yamesaidia, lakini kama mmekuja na gari lenu, punguzeni mwendo hata pasipo na tuta.

Msirudi kabla ya kupita njia ya mbao ya mikoko upande wa Pete. Maji yakikupwa mtaona kaa kwenye mizizi. Yakijaa, samaki wadogo watapita chini ya miguu yenu.