Nyumba njema si mlango

Wazee wetu walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo hutumika zaidi kuwaonya vijana wasichague wachumba kwa sura. Leo, ndugu msomaji, nakuomba tuirudishe kwenye nyumba yenyewe, yaani kuta, madirisha na paa. Wengi wetu tunaoishi kwa mshahara hujenga mara moja tu maishani, na lililokosewa siku ya msingi hurithiwa na watoto.

Nyumbani kwetu jambo hili hujadiliwa kila jioni. Kwa miaka mingi mimi, mwenzangu na watoto wetu watatu tumepanga vyumba viwili hapa Dar es Salaam, chini ya bati lisilo na dari. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, vyumba hivyo havipoi mpaka usiku wa manane. Watoto husomea barazani, na kitinda mimba wetu hushikwa na vipele vya joto kila mwaka. Sasa tumejaliwa kupata kiwanja kidogo pembezoni mwa jiji, na mchanga na kokoto vimekwisha kushushwa. Fundi ametuletea mchoro wa nyumba inayopendeza machoni: paa limefichwa nyuma ya ukuta, vioo vikubwa vinaelekea machweo, wala hakuna upenu wa kukinga jua. Mwenzangu aliutazama kwa muda, kisha akauliza, "Fundi, hewa ya moto itatokea wapi?"

"Mama, mtaweka feni."

"Na umeme ukikatika?"

Swali hilo ndilo lililonisukuma kutafuta habari za wasanifu majengo ambao huliuliza kabla ya kushika kalamu. Miongoni mwao ni Francis Kéré na ofisi yake. Bwana huyu ni mzaliwa wa kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso, na mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za usanifu wa majengo duniani. Aliondoka kijijini akiwa mtoto mdogo kwa sababu hapakuwa na shule, akasomea mjini katika darasa la matofali ya saruji lililosongamana watoto, lenye giza na joto. Alijifunza useremala, akaenda Ujerumani, na alipokuwa bado mwanafunzi wa usanifu mjini Berlin alichangisha fedha za kujenga shule kwao. Shule ya Gando ilikamilika mwaka 2001.

Hebu tuichungulie ndani. Matofali yake ni ya udongo wa hapo hapo, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa. Madarasa matatu yamepangwa kwa mstari, na baina yao pana nafasi zilizoezekwa ambamo upepo hupita. Dari ni ya matofali yaliyoachiwa matundu. Bati halikulazwa juu ya kuta, bali limeinuliwa juu ya kenchi za nondo nyembamba. Hewa ya moto hupanda, ikatokea kwenye matundu, ikachukuliwa na upepo upitao kati ya dari na bati. Bati hilo hupata moto kama bati lolote, lakini joto lake haliwashukii watoto. Upenu wake mpana huzikinga kuta na mvua.

Wanakijiji walikuwa na shaka mwanzoni, kwa kuwa waliujua udongo kuwa huharibika msimu wa mvua. Iliwapasa waonyeshwe ndipo waamini. Hatimaye watoto waliokota mawe ya msingi, wanawake waliteka maji, na vijana wakajifunza kupiga matofali na kuunga nondo. Shule ilipokwisha, ujuzi ulibaki kijijini.

Kazi zilizofuata zilikwenda kwa mwendo huo huo. Nyumba za walimu wa Gando, zilizokamilika mwaka 2004, zilijengwa kwa kuta nene za udongo ili mwalimu na jamaa yake wapate mahali pa staha pa kuishi. Katika kituo cha afya cha Laongo, pia Burkina Faso, madirisha yaliwekwa kwa vimo mbalimbali, ili aliyesimama, aliyeketi na mgonjwa aliyelala kitandani kila mmoja aone nje. Na jirani zetu wa Kenya, huko Turkana, wana chuo kilichojengwa na ofisi hiyo mwaka 2021, chenye minara mirefu mfano wa vichuguu, ambayo hutoa hewa ya moto juu.

Sikusudii kusema, ndugu msomaji, kwamba sote tujenge kwa udongo. Pwani yetu ina mvua nyingi na unyevu, na kila mahali pana desturi zake. Tena mambo haya si mageni kwetu. Nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma, iliwapa watu kivuli cha kukaa na njia ya upepo kutoka mlango wa mbele hadi uani. Wazee waliojenga hivyo waliijua kaskazi na waliijua kusi.

Baada ya mabishano ya wiki nyingi, tumemwita fundi tena. Tumemwomba aigeuze nyumba, kuta fupi zielekee mashariki na magharibi, kuta ndefu zipokee upepo. Bati litainuka na kuonekana, litakuwa na upenu mpana, na dari itakuwa na matundu yenye nyavu. Fedha hazitoshi kufanya yote, kwa hiyo vigae vya sebuleni na vioo vikubwa tumevifuta. Jirani mmoja ameshatuambia kwamba nyumba yetu itaonekana ya kizamani. Mwenzangu alimjibu kwamba atakuja kupumzika kwetu mwezi wa Februari.

Nawe, ikiwa umejiwekea akiba ya kujenga, usimlipe mchoraji kabla ya kwenda kiwanjani saa tisa alasiri. Simama hapo na watoto wako. Tazama jua linapiga upande gani, sikiliza upepo unatoka wapi, na umuulize mama watoto atapikia wapi na mgonjwa atalazwa wapi. Hayo yaandike. Kisha ndipo umwambie fundi alete karatasi yake.