Kabati la Baba na Daftari la Mauzo

Baba alipofariki alituachia nyumba iliyojaa vitu. Alikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, hapa Basotu, yale yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, na kila alichonunua enzi hizo alikitunza: kabati la mninga, friji, meza, cherehani ya miguu. Ndugu tulikubaliana viuzwe. Nikavitoa nje asubuhi jua likiwa bado laini, nikavipiga picha, nikavirusha kwenye stetasi na kwenye magrupu ya WhatsApp ya Katesh na Haydom. Cherehani haikulala. Mnunuzi alituma pesa kwa simu, nasi tukaipakia kwenye basi.

Maneno yakaanza. Shemeji akasema TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, wanaona kila muamala, nisubiri deni. Mwingine akaapa kwamba cha mtandaoni hakina kodi kabisa. Mimi wakati huo nilikuwa miongoni mwa wale ambao wakisikia TRA wapo mnadani, hukumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni. Safari hii nikapanda gari hadi Babati kuuliza mwenyewe.

Afisa, kijana wa umri wa mwanangu, aliniamkia kisha akauliza: "Mama, hivi vitu mlikuwa mnavitumia, au mlinunua ili muuze?"

Mengine yote yalitoka kwenye swali hilo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatoza mapato ya ajira, ya biashara na ya uwekezaji. Upande wa uwekezaji, kwenye mauzo ya mali, inayotozwa ni faida ya kuuza vitu kama ardhi, majengo na hisa. Kabati lililokaa chumbani kwa baba halimo. Tungeuza kiwanja, hapo ingekuwa habari nyingine.

Tatizo ni kwamba nilinogewa. Walimu wakihamishwa hawabebi makochi, nikaanza kuyanunua na kuyauza tena. Sasa hiyo ni biashara, iwe kwenye stetasi au kwenye turubai mnadani. Nikachukua TIN, namba ya mlipakodi, ambayo haina malipo, na daftari la mistari. Kila ukurasa nimeugawa: tarehe, kitu, nilichonunulia, nilichouzia, nauli ya mzigo. Mwaka 2025 TRA ilipowataka wafanyabiashara wa mtandaoni wajisajili, wenzangu walihangaika, mimi nilikuwa nimeshamaliza.

Watu wanadhani daftari ni la kumfurahisha afisa. Chukua viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyopangwa 2019. Mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 hayatozwi. Yakiwa kati ya milioni 4 na milioni 7, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4; asiye nazo hulipa 100,000. Kwa hiyo nikiuza milioni 5, kodi yangu ni 30,000. Jirani asiyeandika, kwa mauzo yaleyale, anatoa 70,000 zaidi. Hizo kwangu ni nauli za mizigo mingi ya Katesh.

Shemeji bado anabisha. Juzi ameniletea friji yake nimuuzie, akasisitiza nisiiandike popote. Nikamwambia ya kwake haihitaji hata kuandikwa, maana ameitumia mwenyewe miaka yote. Ila nikiinunua mimi ili niiuze, inaingia daftarini. Ameondoka nayo akafikirie bei.